Vitunguu Nilivyovipanda Kama Sukuma

Tangu mama yangu atoke hospitali, alikuwa hasemi. Daktari alisema kiharusi kilikuwa kidogo, maneno yatarudi, tumpe muda. Muda! Mwanamke aliyekuwa akimkemea jogoo wa jirani bila kutoka kitandani, sasa ukimuuliza kama amelala vizuri anaangalia ukuta. Nilimtoa kijijini nikamleta kwangu mjini, Kabiria, na kila nilipomvalisha sweta niliogopa: labda mama ninayemjua hayuko tena, na huyu ndiye nitakayebaki naye.

Jumamosi moja, mvua ikiwa imelainisha udongo, nikamkalisha nje kwenye kiti cha plastiki. Nikaanza kupanda miche ya vitunguu niliyonunua soko la Kangemi. Vitunguu sikuwa nimewahi kupanda. Mimi ni mtu wa sukuma wiki. Basi nikafanya ninavyojua: shimo refu, mche ndani hadi shingoni, udongo juu, nashindilia kwa kidole gumba. Nilikuwa na hasira pia, nikigombana na mawe peke yangu.

"Wee."

Nikadhani ni jirani.

"Wee mtoto. Nani alikufundisha kupanda vitunguu hivyo?"

Nikageuka. Mama alikuwa ameinama mbele, amekunja uso kwa karaha. Maneno yalitoka polepole, yakiburutika kidogo, lakini yalikuwa yake.

"Kitunguu kinakaa juu juu. Ukikididimiza hivyo kitanenepea wapi? Na majani hujapunguza! Hata makasi huna? Ati mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Uongo mtupu. Mimi sikukulea hivi."

"Pole, Mama," nikasema.

"Pole ya nini? Ng'oa. Ng'oa yote."

Nikang'oa mstari mzima nikilia, kamasi mpaka mdomoni. Asante Mungu, nilikuwa nasema, asante, asante. Kifua kilikuwa chepesi hata nikacheka katikati ya kilio, naye akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikaleta makasi ya jikoni, nikapunguza majani, nikapanda upya juu juu kama alivyotaka. Kila mche aliukosoa: huu umelala, ule umebanwa, huo unamwonyesha nani mgongo?

Tulipofika karibu na ua akaanza kunyamaza. Nikachukua mche mmoja, nikaudidimiza makusudi hadi shingoni, nikasubiri.

Hakukawia. "Wee mtoto!"