Ncha ya Kijiko

Mama yangu aliolewa Kariakoo akitokea Makete, milimani, ambako watu huota moto mchana kweupe. Katika vyote alivyoviacha kule, alichokililia hasa ni biskuti. Bibi, yaani mama yake, alikuwa mpishi wa misheni kabla hajaolewa, naye alimfundisha binti yake kupika biskuti nene zinazopasuka juu na kumumunyuka zikigusa chai. Mimi sikuwahi kuziona. Nilichokiona ni biskuti za uani kwetu, na hizo, Mungu anisamehe, zilikuwa vigae.

Alizipika kila tulipobahatika kupata unga wa ngano, maana miaka ile unga ulikuwa wa foleni, sukari ya foleni, na siagi ya kopo ilikuwa habari ya kusimuliana. Alitia beking pauda ncha ya kijiko, hazidishi hapo, akafunika bakuli kwa kitambaa na kuliweka nje ili unga ulale ukaze. Ndivyo alivyofundishwa, na kule kwao ukiweka kitu nje kinakaza kweli. Uani kwetu, jua likiwa limeshafika mlango wa choo, unga ulilala unga ukaamka uji. Mama aliukusanya hivyo hivyo, akaupanga kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Zilitoka bapa, ngumu, zimeshikana.

"Mwenzangu, hizi tule au tuezekee?" aliuliza jirani yetu wa chumba cha mbele, mama wa Kiarabu aliyezaliwa mtaa huo huo, ambaye hakuna kitu alichokikanda kikakataa kuumuka. "Ongeza pauda, punguza maji, na huo unga usiuanike kama nguo."

"Mama yangu alisema ncha ya kijiko."

"Mama yako yuko hapa?"

Hilo lilimuuma. Ushauri ulikuwa mzuri na wa bure, lakini Mama alikuwa mbishi, nami ubishi huo nimeurithi wote. Kwake kubadili kipimo kulikuwa sawa na kumkana mama yake. Aliona bora ajilaumu mwenyewe. "Mkono wangu umekufa," alimwambia Baba. Baba, aliyetaka chai yake tu, alijibu kwamba biskuti ni nzuri sana, na uongo huo ulimkasirisha Mama kuliko utani wa jirani.

Kisha ndugu mmoja akaleta salamu kwamba Bibi anakuja kwa treni, atuone wajukuu zake kabla miguu haijamgomea. Tulifurahi sote isipokuwa Mama. Nilimsikia akimwambia jirani, "Akiziona biskuti zangu atajua nimesahau kila kitu. Atasema Dar imenila." Jirani hakutania siku hiyo. Aliingia chumbani kwake akatoka na sukari.

Bibi alifika amevaa sweta ambalo hakukubali kulivua. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitushika vichwa mmoja mmoja. Mama akaleta chai na biskuti, akabaki amesimama na birika mkononi. Bibi alichukua moja, akaigonga kwenye kikombe, akasikiliza.

"Umetia nini?"

"Ulivyonifundisha, mama."

"Haiwezekani. Kesho nipe bakuli."

Asubuhi yake alijifunga kanga juu ya sweta akaanza kazi. Ncha ya kijiko. Kitambaa. Bakuli nje. Mama alimtazama mikono bila kupepesa, akitafuta kile alichokisahau, na sikuona kitu ambacho yeye mwenyewe hakukifanya siku zote. Unga ukalegea. Bibi aliutia kidole, akaguna, akaupanga kwenye sufuria hivyo hivyo. Makaa yalipofanya kazi yake akafunua mfuniko, na humo ndani mlikuwa na vigae vyetu vile vile.

Jirani alijiziba mdomo kwa kanga. Bibi alitazama sufuria, akamtazama Mama, kisha akacheka mpaka akalivua sweta. "Si wewe, mwanangu," alisema. "Ni huku." Mama alikaa kizingitini akalia kwa sauti, kilio ambacho sikuwahi kumsikia nacho, nami niliogopa. Bibi alimwacha alie mpaka atosheke, ndipo akamwambia, "Njoo nyumbani upike kule. Utauona mkono wako."

"Mwakani, mama."

Sasa najua sababu. Kule juu hewa ni nyepesi, unga unaumuka kwa pauda kidogo. Hapa pwani hewa nzito inaukandamiza, unataka zaidi. Jambo dogo kabisa, na Mama aliishi nalo miaka kama aibu. Bibi aliporudi kwao, Mama alikubali kipimo cha jirani, na biskuti zetu zikawa nene, laini, watoto wa uani wakazigombea. Lakini kila alipozipanga sahanini alisema mwakani atakwenda Makete akapike kule kwa kipimo cha mama yake, ahakikishe. Alitamani hivyo hata nauli ilipokuwa imekwenda kwenye dawa, hata likizo ya Baba ilipofutwa. Mwakani ukawa mwakani mwingine.

Habari ya msiba ilitufikia Bibi akiwa ameshazikwa. Mama hakupiga kelele. Alitoa unga, akatia pauda ncha ya kijiko, akafunika bakuli na kuliweka juani. Jirani, aliyekuja kukaa naye, aliliona bakuli, akaenda kupuliza mkaa.

Waombolezaji walipokuja walipewa chai na biskuti bapa, zimeshikana. Mama mmoja wa kanisani aliuliza kwa upole nani amezipika.

"Ni za mama yangu," Mama alijibu. "Alizipika hapa."

Wakazichovya kwenye chai, wakazila zote.