Kitanda cha Mke Wangu Kimo Ndani ya Jipu Langu

Mwandishi wa barua hii ameomba asitajwe, nasi tumemstahi. Someni, kisha mumjibu kupitia ukurasa huu.

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, fundi wa magari katika shamba la mkonge huku Maramba. Mafundi huku tunahesabika, kwa hiyo wenye akili watanijua. Basi, wanijue. Nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu. Sikai nikakalika, silali nikalalika, na hata kazini nakaza bolti nilizokwisha kuzikaza jana.

Nina mke mmoja, na nampenda. Kwao ni milimani, upande wa Amani, na njia ya huko ikinyesha masika hugeuka uji. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Uchungu ukamzidi, likatafutwa lori la kumteremsha hospitali. Lori likazama kwenye tope tangu asubuhi hadi alasiri. Mke wangu aliponea chupuchupu, lakini mtoto hakupona. Mimi siku hiyo nilikuwa huku, nimelala chini ya gari la watu, sina habari.

Aliposhika mimba tena, nikanunua jipu kuukuu, mabaki ya vita, lililokuwa nyuma ya karakana kuku wakitagia ndani. Nikalisukuma mpaka uani kwangu. Kila nikitoka kazini, mimi nalo. Nikaliinua kwa springi za lori, nikakata madigadi ili matairi makubwa yapate nafasi, nikapandisha ekzosi juu usawa wa paa ili maji ya mtoni yasiingie. Mbele nikafunga roda na kamba nene ya mkonge, tukikwama tujivute kwa mti. Majirani wakanicheka. "Fundi, hilo gari au ngamia?" Nikawaambia wacheke tu, masika yakija wataniomba niwabebe.

Kikabaki kitu kimoja. Nilitaka pahali pa mtu kulala amenyooka, asirushwe huku na huku. Nikang'oa kiti cha abiria, nafasi ikapatikana, lakini nilihitaji mbao ngumu za futi sita. Mbao za dukani zilikuwa laini, na mvule ulikuwa wa kuagiza mjini na kungoja. Mimi kungoja sijui.

Chumbani kwetu kulikuwa na kitanda cha mvule cha kuwambwa kamba. Baba mkwe, ambaye alikuwa seremala, alikichonga kwa mikono yake, bintiye akaja nacho siku ya harusi. Mifumbati yake, zile mbao mbili ndefu za ubavuni, ni futi sita kamili. Nilipima mara tatu.

Mke wangu hakuwepo. Baba yake alikuwa amefariki, naye alikuwa kwao akingoja arobaini. Najua mnanionaje. Lakini nilijiambia, si atalala juu yake vilevile? Nikashika msumeno. Nikakata matendegu yote manne kikabaki bila miguu, nikapunguza upana kikapita, nikatoboa matundu kumi na mawili ya bolti, nikakifunga ndani ya jipu. Nikajisifu kwa kazi nzuri.

Siku ya arobaini nikapanda nalo mlimani, halikukwama hata mara moja. Dua ilipokwisha watu wakatoka kulitazama. Nikamwambia mke wangu, "Zunguka nyuma uone." Akazunguka. Akapeleka mkono kwenye ubao wa mchagoni, upande wa kichwa, penye ua dogo alilolichonga baba yake.

"Hiki si kitanda changu?"

"Ndicho. Nimekitengeneza kwa ajili yako."

"Ulikikata lini?"

Nikamwambia siku. Akahesabu kwa vidole.

"Baba alikuwa na siku tisa kaburini," akasema. "Na weye wataka nifurahi mbele ya watu. Miye sipandi. Nitashuka kwa miguu, ama sishuki."

Mama mkwe akaniita pembeni. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Mwanangu, mbona hukusema? Marehemu ameacha mbao za mvule darini, kazikausha kwa kitanda cha mjukuu. Ungeomba, ungepewa."

Kwetu mkwe haendi kuomba vitu kwenye nyumba yenye msiba. Niliona haya. Lakini haya hiyo sikuwa nayo nilipokuwa nakata.

Nilirudi peke yangu, na sasa nalala mkekani. Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Nimemtumia watu wawili, na jibu limekuwa moja: "Anirudishie kitanda changu kwanza, ndipo tuseme habari ya gari." Kitanda chenyewe hakina miguu, kina matundu kumi na mawili. Zile mbao za darini ni za mjukuu, nitazigusa kwa uso gani? Jamaa zangu wanasema maji yakimwagika hayazoleki, nimwache hasira zimpoe. Hasira zitapoa, je mvua?

Jana imenyesha mlimani, na mto umeanza kubadilika rangi. Naandika huku spana iko mapajani. Ndugu zangu, na zaidi nyinyi kina mama, nishaurini. Nikifungue nimpelekee, na gari libaki bila pa kumlaza? Au nipande nalo hivyo hivyo, nikakae nje ya mlango wao mpaka uchungu umlazimishe kulala juu ya kitanda nilichomharibia? Najua gazeti hutufikia huku limechelewa. Nijibuni upesi, tafadhalini. Mimi kungoja sijui, na safari hii wanaoningoja ni wawili.