Mteremko

Jirani yetu mwenye kombi haegeshi gari mahali tambarare. Stata ilikufa zamani na vipuri havipatikani, kwa hiyo kila jioni analipandisha mpaka juu ya mtaa, anatia jiwe chini ya gurudumu, kisha anakaa kibarazani akilitazama kama mtu anayeuguza mgonjwa. Klachi ilikula redio yake, giaboksi ikala cherehani ya mkewe. Akiendesha hataki mtu azungumze. Sikio analielekeza nyuma, iliko injini, na vidole vyake vyenye grisi vinapapasa usukani taratibu kama anayepapasa jipu la mtoto.

Jumapili iliyopita Eufrazia, mpangaji mwenzangu, alishikwa na uchungu saa tisa alasiri, na siku hizi za uhaba wa mafuta magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani Jumapili baada ya saa nane. Jirani alikwenda kuondoa jiwe. Tulipokaribia hospitali ya Mwananyamala askari akatusimamisha penye pipa lililoziba njia.

"Zima gari, mzee."

"Nikizima haliwaki, afande."

"Nimesema zima."

Injini ilikuwa inakohoa. Eufrazia alinibana mkono mpaka ukafa ganzi. Jirani akashika ufunguo, asiuzungushe.

"Nazima. Lakini utasukuma wewe."

Askari akachungulia ndani, akamwona Eufrazia, akalisogeza pipa pembeni.

Hospitalini, wauguzi walipokwisha kumpokea, nilimwambia jirani azime gari apumzike. Vidole vyake vilikuwa bado vimeung'ang'ania usukani. Akautazama uwanja wote, kushoto, kisha kulia.

"Mteremko uko wapi?" akaniuliza.