Mkia wa Kondoo na Magoti ya Mama Mkubwa

Harufu ya mafuta ya mkia wa kondoo yanapoyeyuka chunguni haifanani na harufu nyingine yoyote ya jikoni. Huanza kwa utamu, kama maziwa yaliyoungulia kidogo, kisha hunenepa, hushika nywele na nguo, na kubaki humo hadi kesho yake. Kipupwe kimoja, nilipokuwa msichana wa kuchunga ndama upande wa Zuzu, karibu na Dodoma, harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi. Ilikuwa miaka ya Wajerumani, reli yao ikiwa imeshatupita na kuendelea kujengwa kuelekea magharibi. Mafuta yale hayakuwa kitoweo. Yalikuwa dawa ya magoti ya Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa Mbeleje alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, mjane mwenye sauti ya kukwaruza na ulimi usiomwogopa mtu. Watu walimjua kwa ngoma. Kwetu Ugogo, ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, na mpigaji huibana katikati ya mapaja, akiishikilia kwa magoti huku mikono ikifanya kazi. Goti likilegea, ngoma huteleza. Yeye alipiga ile kubwa inayoziongoza nyingine, na mwaka huo dada yangu alikuwa ndani, amewekwa unyagoni, akisubiri kutolewa mwisho wa kipupwe. Mama Mkubwa alikuwa ameahidi kumpigia. Lakini tangu mavuno magoti yake yalikuwa yamevimba, yamewaka moto, na wanawake wa kijiji cha Miyuji walikwisha kuanza kumtaja mwenzao mmoja ambaye angeweza kushika nafasi yake. Ngoma kubwa ikishapewa mtu mwingine mbele ya watu, hairudi. Hilo alilijua kila mtu, na yeye zaidi.

Mjomba, mdogo wao, alikuwa akiwapelekea kondoo wajenzi wa reli, na ndiye aliyeshikilia kwamba dada yake amekauka viungo. Sisi ni watu wa ngozi. Ngozi mbichi ikikauka huwa ngumu kama ubao, nasi huifikicha kwa mafuta hadi ikunjike kama kitambaa. Kila mtu aliona kwamba goti ni vivyo hivyo. Tena Mjomba alikuwa ameona jambo kambini.

"Dada, hata lile gari la moshi linapakwa mafuta kwenye magurudumu," alisema. "Chuma cha Mjerumani kinakula mafuta, sembuse goti lako!"

"Basi nipeleke huko wanifunge behewa," akajibu Mama Mkubwa, huku akipokea kibuyu cha mafuta.

Alikunywa kila asubuhi. Mjomba alichinja, jirani akaleta samli, mkwe wetu mmoja akaleta supu ya vichwa iliyoelea mafuta, na wote wakaleta pombe ya mtama ya kusukumia. Hakuna aliyekuwa mchoyo. Alipozidi kuumwa walimwongezea, na baada ya muda maumivu yakashuka hadi kidole gumba cha mguu, kikawa chekundu na kung'aa kama kimepakwa rangi. Hata kipande cha ngozi laini hakuweza kuvumilia kifunikwe nacho. "Nzi akitua hapa," aliniambia, "najua ni mguu wake upi umetangulia." Nilicheka, naye akacheka, kisha akaugeukia ukuta wa tembe, akajifuta macho.

Ndipo Mjomba alipoondoka na kondoo wake kuifuata kambi iliyokuwa imehamia mbele. Mafuta yakaisha, pombe nayo ikapungua kwa kuwa wageni walipungua. Tukala chakula chetu cha siku zote, ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, na maziwa ya mgando ndama walipotubakishia. Uvimbe ukaanza kushuka. Siku moja nilimkuta amesimama mlangoni bila fimbo, ananitazama kama mtu aliyefumaniwa. Mjomba aliporudi alifurahi, akachinja kondoo mnono kuliko wote kushukuru, naye Mama Mkubwa akala mkia na kunywa pamoja na wenziwe. Kulipokucha hakuweza kukanyaga chini.

Mtu mwingine angesema amelogwa, na wapo waliosema. Yeye aliukanda mguu wake asubuhi nzima, kisha akamwita Mjomba.

"Mdogo wangu, mafuta yanalainisha ngozi ya mnyama aliyekufa," alisema. "Mimi bado sijafa. Usiniletee tena."

Mjomba aliumia. Alidhani anakataliwa yeye. Mama yangu alimsihi dada yake anywe japo kidogo, asivunje undugu, lakini Mama Mkubwa alirudi kwenye mlenda wake, na pombe akaisogeza mbali. Alikaa hivyo hadi siku ya kumtoa dada yangu, akitembea polepole kidogo kidogo, akijipima.

Siku hiyo wakwe zetu walimletea sehemu ya heshima, mkia mzima uliochomwa, ukitiririka mafuta. Kuukataa ni kumwambia aliyeuleta kwamba umeona sumu. Uwanja mzima ulikuwa ukimtazama, Mjomba akiwa mbele. Mama Mkubwa aliupokea kwa mikono miwili, akaushukuru, akaketi. Kisha akaukamua polepole, akajipaka mafuta magotini, moja baada ya jingine, kama tunavyopaka samli kabla ya ngoma.

"Kwa nje nimekubali," akasema kwa sauti. "Ndani nimeshiba."

Mjomba akaangua kicheko hadi akajishika kiuno, na wakwe nao wakacheka. Nyama, Mama Mkubwa akawagawia watoto. Akaibana ngoma, nami nikaona uso wake ukikunjwa na maumivu mara moja, ukakunjuka. Alipiga tangu jua likiwa juu hadi lilipoegemea vilima, na ngoma haikuteleza.

Mimi shule niliiacha mapema nikaifuata reli, nimeishi Tabora, Morogoro na kwingine nisikokumbuka vizuri. Kote nimeuliza juu ya magoti yale. Daktari mmoja aliniambia ule mguu huenda ulikuwa wa jongo, ugonjwa wa kuvimba viungo, na kwamba nyama, supu na pombe pengine vilikuwa na hatia kubwa kuliko mafuta yenyewe. Nilipomuuliza mbona karanga hazikumdhuru, alisema mafuta hayafanani, akaniita mgonjwa anayefuata. Siku hizi mafuta huja kwenye makopo, hakuna anayelazimika kuchinja ili kukuonyesha anakujali, na ushauri wa nini tule umebandikwa ukutani kwenye zahanati kwa herufi kubwa. Mimi nimeusoma. Jongo nami limenipata, na vidonge ninavyo. Hata hivyo Jumapili iliyopita, kwa mwanangu hapa Dodoma, mke wake aliniwekea kipande kinono kuliko vyote na kusimama pembeni akingoja nikionje. Nikakila. Asubuhi hii naandika mguu ukiwa juu ya kigoda, na bado sijui ningemwambia nini yule binti.