Benchi Fupi la Mjomba

Marehemu mjomba wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa wakili wa kampuni zenye ugomvi wa umiliki. Ofisini kwake wageni walikalia benchi moja tu, tena fupi makusudi. Siku moja ndugu wawili waliotaka kuvunja kampuni yao ya mikate walibanana hapo, wamenuniana.

"Tanuri lenu bovu analiweza nani?" mjomba akauliza.

"Mimi," alijibu mkubwa.

"Na wateja?"

"Huyu kasuku," akasema, akimwonyesha mdogo wake.

"Basi gawaneni. Wewe chukua tanuri, yeye achukue wateja, tuone nani atakula mkate."

Kasuku alicheka kwanza. Wakatia saini mkataba mpya wa hisa palepale.

Jana walikuja msibani pamoja. Viti vilikuwa tele, lakini walibanana kwenye benchi lile lile, lililoletwa kutoka ofisini, wakamwombea.