Usiku Mmoja Zaidi Jangwani

Shemeji yangu aliniuliza kama tuondoke jioni ile ile au tulale jangwani usiku mmoja zaidi, nami nikasema tulale. Hakuna aliyenisukuma. Leo ningekataa.

Yeye ni mdogo wa marehemu mke wangu, dereva wa lori la shaba kutoka Lubumbashi hadi bandari ya Namibia. Mimi nilikuwa mpiga picha wa mtaa wa Bel-Air, mjini humo Lubumbashi: pasipoti, harusi, komunyo ya kwanza. Uzeeni nilitaka kupiga picha ya kitu kisichopepesa macho, nikapanda naye lori. Kabla ya kuondoka nilimwahidi dada yangu kwamba Jumamosi ya wiki ya pili nitakuwa nyumbani. Siku hiyo wakwe wangekuja kuleta mahari ya binti yake. Kwetu mahari haipokelewi bila mjomba, na binti yule hakuwa na mjomba mwingine wa tumbo moja na mama yake. Mimi na mke wangu hatukujaliwa watoto. Mtoto wetu alikuwa yeye.

Siku tatu za kwanza pale pwani ukungu wa bahari ulifunika kila kitu. Ya nne, tukiwa tumekwisha kupakia mzigo wa kurudi, tulisimama ndani zaidi, kwenye matuta ya mchanga, injini ipoe. Upepo ukageuka na mbingu ikafunguka.

"Shemeji, tukienda sasa, Samedi, siku ya mahari, uko kwa dada yako," alisema. "Tukilala, malori itakuwa mingi ku mpaka. Mi siko Mungu."

"Leo mwezi haiko," nikamjibu. "Ngojea uone."

"Nyota hata Lubumbashi iko."

"Lubumbashi iko na moshi."

Akacheka. "Dada yangu, muke yako, alisemaka, huyu bwana atanipiga picha hata mu sanduku ya maiti. Haya, baki na nyota zako. Patron wa lori nitamuambia pneu ya gurudumu ilipasuka."

Jua lilipokuwa likishuka, mchanga ulikuwa mwekundu kama tofali lililotoka tanuruni. Ukingo wa tuta ulikata dunia vipande viwili, upande huu moto, upande ule giza. Nilikimbia, mimi mwenye magoti mabovu, nilifikie kabla kivuli hakijalimeza. Nilianguka mara mbili, mchanga ukanijaa mdomoni, nikacheka peke yangu.

Kisha zikaja nyota. Hazikuja moja moja kama kwetu umeme unapokatika. Zilimwagika. Nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu mbele ya mti mkavu, nikaliacha jicho lake wazi, nikihesabu kwa sauti hadi ishirini na tano kama mtoto wa shule. Picha ilipotokea kwenye kioo kidogo, nilipiga kelele: mto mweupe ulipita juu ya mti, na ndani yake mlikuwa na rangi ambazo macho yangu hayakuziona, waridi na kijani. Shemeji alikuja mbio na chuma cha kufungulia magurudumu, akidhani ni nyoka.

"Angalia!"

Aliweka chuma chini, akainama juu ya kioo. "Eh! Kumbe iko hivi kila siku, na sisi tunalalaka?"

Hatukulala. Nilipiga hadi betri ya mwisho ikafa, na sitadanganya: tangu mke wangu afe sijawahi kufurahi vile.

Jumamosi ilitukuta mpakani, upande wa Zambia, katika foleni ya malori iliyokuwa haisogei. Dada, ambaye huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, alipiga simu asubuhi.

"Yaya, uko wapi? Bantu ya mahari beko mu barabara, banakuya."

"Niko karibu," nikadanganya.

Saa sita alipiga tena. "Yaya, sema kweli. Unaona nini mbele yako?"

"Malori."

Akakata. Wakwe walingoja hadi jioni, kisha pale nyumbani akakalishwa kwenye kiti changu binamu yetu wa mbali kutoka mji wa Sakania, aliyekuwa amekuja kula tu. Kwa desturi yetu, anayepokea mahari ndiye mjomba tangu siku hiyo.

Nilifika Jumatatu na kamera shingoni. Dada alisimama mlangoni, hakunipisha.

"Yaya yangu alikufa Samedi," alisema.

Nilichagua mwenyewe. Miaka ikapita, na dada alifariki kiangazi kilichopita bila kusema nami tena. Mpwa wangu ana watoto wawili. Walipozaliwa aliitwa yule wa Sakania. Mimi sijawahi kuwaona, na sina ndugu mwingine.