Mayai kwenye droo ya maabara

Jamani, tangu mchana chakula hakipiti.

Napima salfa kwenye rojo la mbao la kutengenezea karatasi, hapa Morogoro. Natumia vikaratasi vyeupe. Vikikutana na gesi ya salfa, ile inayonuka kama mayai yaliyooza, vinakuwa vyeusi.

Leo nafungua droo ninamoviweka, vyote vyeusi tayari. Na ndivyo vya mwisho. Kopo la rojo lenyewe hata sijalifungua.

Halafu ile harufu. Inakaa mpaka mdomoni.

Navuta droo yote: mfuko wa mayai ya kuchemsha, yanateleza, yameloa kachumbari iliyochacha.

Mwenzangu Shomari wala haoni aibu. "Nilisahau tangu Ijumaa, dada. Ila si umeona vikaratasi vyako vinafanya kazi?"

Akachagua yai moja, akanusa, akamenya.

"Hili bado zima."

Kesho asubuhi atanipa mkono huo huo kunisalimia. Mngekuwa nyie mngeupokea?